Kagwiria Kati ya Mnara na Kengele

Sehemu ya Tisa

Jina lilikuwa lake.

Si la binamu, si la mtu wanayefanana majina. Kagwiria Kathuri, pamoja na nambari ya kitambulisho anayoijua hata akiamshwa usingizini, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, kubwa kama bango la mgombea ubunge.

Basi wewe msomaji uliyekaa wiki nzima ukijiambia kwamba pengine macho yalimdanganya, pole. Hayakumdanganya. Alisoma tena, na mara hii akasoma yote.

Kampuni: Zao Jema Makadamia, Embu. Wakurugenzi: Ngari Njura na Kagwiria Kathuri. Wauzaji wasiolipwa: kumi na mmoja. Kesi mahakamani: mbili. Mkopo uliochelewa: siku mia moja na themanini. Dhamana ya mkopo: shamba, Muthara.

Muthara ni kwao. Na shamba ambalo Kagwiria anaweza kuhusishwa nalo huko ni moja tu, la mama yake.

Kwenye korido kilisikika kicheko cha mwenyekiti. Kagwiria akaung'oa waya wa projekta na ukuta ukabaki mweupe.

"Muga, Madam!" Mzee Mukiri, mwenyekiti wa Sacco ya Jembe Langu, aliingia kofia mkononi. Nyuma yake alikuja Mugendi, kijana mtanashati wa Embu anayeuza programu iitwayo Mnara. Wa mwisho alikuwa Virginia, mweka hazina, mwanamke asiyecheka kabla ya saa sita mchana na mara nyingi hata baada ya hapo.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Sacco ina pesa za kununua programu moja, si mbili. Mnara huchunguza masoko: bei inakwenda wapi, nani ananunua nini ng'ambo, pesa iwekwe wapi izae. Kengele huchunguza biashara zenyewe: nani analipa, nani halipi, nani ameshtakiwa, nani amebadilisha wakurugenzi kimyakimya. Kagwiria, afisa wa utafiti, alipewa siku kumi na nne azijaribu zote. Na siku hiyohiyo, saa nane mchana, wanachama walikuwa wakutane kuamua kama Sacco iweke milioni themanini katika kiwanda cha Zao Jema.

Ndiyo, Zao Jema hiyohiyo.

"Hiyo mashini imekufa?" mwenyekiti aliuliza, akiutazama ukuta.

"Ni waya, mzee. Inasumbua."

"Mimi sina story ya waya," Mugendi alisema, na tayari alikuwa ameifungua kompyuta yake. "Cheki hapa, mzee. Makadamia, miezi kumi na nane ijayo. Hii laini ni ya China, hii ya Ulaya. Zote zinapanda. Mtu wa kuweka pesa saa hii atacheka."

"Hiyo laini nimeipenda," mwenyekiti alisema.

"Laini haijawahi kulipa mkulima," Virginia akamkata. Alimgeukia Kagwiria. "Na hiyo Kengele yako inasema aje? Uliweka jina ya Zao Jema?"

Angeweza kusema ukweli pale pale. Kilichotakiwa ni kuurudisha waya na kuwaacha wasome wenyewe.

"Bado," alisema.

Lilikuwa neno fupi. Hakuwa amewahi kumdanganya Virginia. Alijichukia papo hapo.

"Siku kumi na nne, na bado?"

"Nilianza na wateja wetu wa mikopo. Nitaiweka kabla ya saa nane."

"Wacha kumsumbua msichana," mwenyekiti alisema kwa upole. "Mimi nitasema ukweli, Kagwiria. Wazee wa bodi wanataka Mnara. Hiyo ingine ni mashini ya kuchungana. Sisi hapa tunajuana. Ngari wa Zao Jema nimekula kwake, bibi yake na wangu wanaimba kwaya moja. Kweli nitaenda kuuliza mashini kama mtu ambaye nimekula kwake ni mwizi?"

Na hapo, msomaji, ndipo shida yote ilipoanzia. Watu hawa huhesabu mbegu za maharagwe moja moja kabla ya kuzinunua, lakini mtu wakishakula kwake, hawamuulizi tena swali.

"Saa nane utasimama useme tununue gani," mwenyekiti alimaliza. "Ukisema Mnara, tunapitisha na Zao Jema, tunaenda nyumbani. Ni sawa?"

"Sawa, mzee."

Alichukua mkoba wake na kutoka karibu akikimbia.

Adhana ya adhuhuri ilimkuta mtaa wa Majengo. Alipita mabucha, akampita mama wa viazi karai aliyemwita kwa jina bila kupata jibu, akaingia duka la vipuri vya pikipiki la kaka yake mkubwa, aliyejuana na Ngari. Kiunga alikuwa ameinama akipima mnyororo, mikono myeusi kwa grisi.

"Kiunga, mimi ni mkurugenzi wa Zao Jema?"

Hakuinua kichwa. Hapo Kagwiria akajua.

"Nani amekuambia?"

"Mashini."

"Mashini gani?"

"Kiunga!"

Kiunga alimwambia mteja wake arudi baadaye, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Keti, sister."

"Siketi."

"Nilikuwa nimewekwa CRB, kwa ile orodha ya watu hawalipi mikopo, si unajua? Ile maneno ya mkopo ya lori. Mimi na Ngari tulikuwa tunaanzisha kiwanda, akasema jina yangu ikionekana hatupati mkopo hata ya kuku. Tunataka jina safi. Nikafikiria, nani kwetu ako na jina safi? Ni wewe."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Kopi ya kitambulisho ulitoa wapi?"

"Kwa Bibilia ya Mama. Si anaweka kopi zetu zote huko? Za bursary ya shule, za mazishi, za kila kitu."

Ni kweli. Kila mtoto wa nyumba ile alikuwa na kopi tatu katikati ya Zaburi, na yeyote mwenye haja alizichukua kama anavyochukua chumvi jikoni. Kagwiria mwenyewe aliwahi kuchukua ya Kiunga akajisajilia laini ya simu.

"Na sahihi?"

"Hiyo naijua tangu ulipokuwa unajifunza kuiandika kwa madaftari yangu."

Kagwiria aliegemea rafu. Alitaka kumpiga kofi. Tena alitaka kumwonea huruma, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Na shamba la Mama, Kiunga? Nimeona limewekwa dhamana."

Kiunga alijibu haraka, haraka mno. "Mama alinipa hati mwenyewe. Alisema shamba ni ya nyumba, si ya mtu mmoja. Sasa iko Embu kwa mkopeshaji, kwa sefu."

"Mama alijua kiwanda hakilipi?"

"Kitalipa! Sikiza, Kagwiria." Alimkaribia, sauti ikashuka. "Leo Sacco ikipitisha, Jumatatu pesa inaingia. Mkopeshaji analipwa. Hati inarudi kwa Mama. Jina yako tunaitoa kwa kampuni, hiyo mashini inanyamaza. Masaa mawili tu. Simama, sema Mnara, keti. Kwani ni uongo? Makadamia si itapanda?"

"Na pesa ya wanachama?"

"Bei ikipanda itarudi."

"Isipopanda?"

"Na wewe ukiongea? Mkopeshaji wa Embu atapiga mnada hiyo shamba kabla mwezi iishe. Miraa ya babu, kaburi ya baba, yote. Mama atalala wapi? Kwako kwa chumba moja?"

Kagwiria alishika kamba ya mkoba wake.

"Mimi sikuenda chuo," Kiunga alisema, sasa bila kumtazama. "Nilikuwa juu ya mti saa kumi na moja asubuhi nikichuma miraa ndio fee yako ipatikane. Sijawahi kukuambia. Leo nakuambia."

"Najua, Kiunga. Kila siku najua."

"Basi nisaidie."

Kagwiria aligeuka akatoka dukani.

Alipanda mlima wa kurudi mjini akizipima zile programu mbili upya, na safari hii hazikuwa kazi ya ofisi. Kilichomsumbua ni kwamba Mnara haikudanganya. Aliikagua mwenyewe, takwimu kwa takwimu, na bei ya makadamia ilikuwa inapanda kweli. Mtu akiuliza kama zao hili lina soko, Mnara ingemjibu vizuri kuliko profesa. Lakini haikuulizwa kama Ngari Njura analipa wakulima wake, na kwa hivyo haikusema. Kengele nayo haikujua lolote kuhusu China. Ilijua tu kwamba watu kumi na mmoja walipeleka mali Zao Jema na wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Angesema Mnara, angekuwa amesema kweli, na wanachama elfu tatu wangeibiwa kwa ukweli huo.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa alipofika. Watu wa majani chai, watu wa miraa, walimu, wazee wenye makoti ya Jumapili katikati ya wiki. Mlangoni alisimama mama yake, aliyetoka Muthara asubuhi, kitambaa cha kichwa kipya, mwanachama wa miaka ishirini na mmoja ambaye hajakosa mkutano hata mmoja.

"Kagwiria, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Uongo. Midomo imekauka." Akamtia ndizi mbivu mkononi. "Kaka yako hatakuja?"

"Sijui, Mama."

Swali la hati lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Hakuuliza. Alijua mama yake akilia pale mlangoni, yeye hataweza kufungua kinywa mle ndani. Alimshika bega tu, akaenda mbele.

Mwenyekiti aliomba mzee mmoja afungue kwa sala. Mugendi akaonyesha laini zake zikipanda ukutani, na ukumbi ukampigia makofi. Wakili wa Sacco, Bwana Gichovi, alisoma azimio la milioni themanini kwa sauti ya mtu aliyezoea kulipwa kwa saa.

"Sasa," mwenyekiti alisema akitabasamu, "afisa wetu wa utafiti atatuambia tununue mashini gani, halafu tuinue mikono tuende tukamue ng'ombe."

Kagwiria alishika kipaza sauti. Katika safu ya tatu mama yake alimtikisia kichwa kwa kukubali, akijivuna kabisa, akimgusa jirani yake kwa kiwiko kama kumwambia, huyo ni wangu.

"Nimejaribu zote mbili," Kagwiria alianza. "Mnara ni nzuri. Ile Mugendi amewaonyesha ni ya kweli."

"Asante, madam!" Mugendi alisema.

"Lakini Mnara inaangalia soko. Haiangalii mtu tunayeenda naye sokoni. Sisi tunasema tunajuana. Leo asubuhi niliweka jina la Zao Jema kwa Kengele."

Virginia alinyanyua kichwa. "Uliniambia bado."

"Nilikudanganya, Virginia. Nisamehe. Niliogopa."

Virginia aliweka kalamu chini, na Kagwiria akaendelea.

"Zao Jema ina deni. Wauzaji kumi na mmoja hawajalipwa. Iko na kesi mbili kortini Embu, na mkopo ambao haujalipwa miezi sita. Wakurugenzi wake ni wawili. Mmoja ni Ngari Njura." Waswahili walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha tangu asubuhi. "Wa pili ni mimi."

Kelele iliyofuata ilisikika hadi sokoni. "Mwizi!" mmoja alipiga kelele. "Wacha aongee!" mwingine akajibu. Mwenyekiti aligonga meza mpaka chupa ya maji ikaanguka.

"Wewe, Kagwiria? Wewe?"

"Jina langu liliwekwa bila mimi kujua, mzee. Kopi ya kitambulisho ilichukuliwa nyumbani. Lakini ni jina langu, na nimelijua tangu asubuhi, na nikakaa nalo. Ninachowaomba ni msiinue mikono. Nunueni Kengele, au msinunue chochote, lakini pesa yenu isiende Embu."

"Na huo mkopo una dhamana gani?" wakili Gichovi aliuliza akiandika.

Kagwiria alitazama safu ya tatu.

"Shamba la mama yangu. La Muthara. Nimeongea, kwa hivyo litauzwa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mama, nisamehe. Hati iko Embu, na mimi ndiye nimeipoteza leo."

Mama yake alisimama. Hakuwa analia hata kidogo. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Hati gani iko Embu?"

"Ya shamba, Mama. Ile ulitoa."

"Mimi? Mimi nitoe hati?" Aligeukia ukumbi kana kwamba wote ni majirani zake, na wengi walikuwa majirani kweli. "Tangu mzee wangu azikwe, hati hailali mahali ambapo mimi silali. Nikienda kanisa, nayo. Nikienda hospitali, nayo. Wenye ni wajane humu wananielewa!"

"Tunakuelewa!" wanawake walijibu.

Akaingiza mkono kifuani, ndani kabisa ya nguo, akatoa karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa ukambaa wa mpira. Akaifungua mbele ya watu wote. Ilikuwa hati ya kumiliki ardhi, imekunjwa mara nne, kingo zimechakaa, muhuri upo, jina la marehemu limefutwa na lake limeandikwa.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Shamba lilikuwepo. Miraa, kaburi, nyumba, vyote vilikuwepo. Kwa dakika nzima aliona amepona, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi ikafika chini.

Wakili Gichovi hakupiga makofi. Aliteremka jukwaani, akaja mpaka safu ya tatu, kalamu bado mkononi.

"Mama, hii haijawahi kutoka kwako?"

"Hata siku moja."

"Una hakika?"

"Sasa unaniuliza kama niko na hakika na kifua yangu?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Basi iliyo kwenye sefu Embu ni ya bandia," alisema, na akasema kwa sauti ya kusikika. "Na hiyo si habari ya deni tena, wanachama. Kutengeneza hati ya ardhi ya bandia ni jela. Aliyeipeleka kwa mkopeshaji anajulikana. Lazima anajulikana. Madam Kagwiria, ni nani?"

Wote walimgeukia Kagwiria.

Kagwiria hakufungua mdomo. Lakini macho hayana adabu, yalikwenda yenyewe mpaka mlango wa nyuma. Kiunga alikuwa amesimama pale, amekuja kuona kama dada yake atamsaidia, bado na grisi kwenye vidole. Alikuwa amesikia kila kitu. Hakukimbia. Alitikisa kichwa tu, kidogo, kama alivyokuwa akifanya utotoni akimwomba asimsemee kwa baba.

Mama yao aliyafuata macho ya binti yake. Akageuka, polepole kwa sababu ya goti, akamwona mtoto wake wa kwanza. Akaitazama karatasi iliyo mkononi mwake. Akamtazama tena.

"Nipe hiyo hati, mama, tuipige picha," wakili alisema akinyoosha mkono. "Hii ndiyo itakayoliokoa shamba lako."

Mama Kiunga alianza kuikunja. Mara moja, mara mbili. Ule ukambaa wa mpira ukamponyoka ukaanguka sakafuni, wala hakuinama kuuokota.

"Mimi ni mzee," alisema, na ile sauti iliyojaa ukumbi dakika moja iliyopita ilikuwa haifiki hata safu ya pili. "Macho yangu haioni vizuri. Labda hii yangu ndio ya bandia."